Bwana Msa Apanda Nyanda za Juu

Mimi ni mtu wa mashairi, na mkoba wangu wa safari hauna kawaida ya kubeba maiti. Lakini nilipokwenda Iringa na Mbeya niliujaza riwaya za upelelezi, kwa kuwa rafiki yangu mmoja, mwalimu mstaafu wa Uyole, aliniomba nimpelekee vitabu vya kumnyima usingizi.

Nilimchagulia vinne. Simu ya Kifo ya Faraji Katalambulla, ya mwaka 1965, ingali inatisha hata leo ambapo simu iko mfukoni mwa kila mtu. Kufa na Kupona ya Elvis Musiba (1974) ni ya mwenye haraka. Willy Gamba hana subira ya kukaa akafikiri. Mkimbizi ya Hussein Tuwa ni mpya kuliko hizo, na niliimaliza ndani ya basi kabla ya kufika Mikumi. Ya nne ni Mzimu wa Watu wa Kale ya mzee wetu wa Makunduchi, Muhammed Said Abdulla, iliyoshinda mashindano ya uandishi ya 1957/58 na kutoka kitabu mwaka 1960. Hiyo niliitia kwa fahari tu, kama mtu anayempelekea mwenyeji wake tende.

Iringa nilipumzika siku mbili, nikafika Kalenga kulitazama fuvu la Mtwa Mkwawa. Alijiua mwaka 1898 asitiwe mkononi na Wajerumani, nao wakakikata kichwa chake. Mkataba wa Versailles wa 1919 ukaagiza kirudishwe. Kikarudi 1954, baada ya Gavana Twining kuchagua fuvu moja kati ya mengi ya jumba la makumbusho la Bremen, kwa kulinganisha vipimo. Wako wanaouliza hadi leo kama ndilo lenyewe. Nilisimama pale na mkobani mna riwaya inayoanza na mwili usio kichwa, nikaona haya kidogo.

Haya hasa ilinipata Uyole. Mwalimu alivisoma vitatu kwa wiki moja, akavisifu. Cha Abdulla alikiweka mezani kati yetu, chai ikapoa.

"Ndugu yangu," akasema, "huyu Bwana Msa wenu ana bahati. Kijiji kizima kinasema mzimu ndio ulioua, yeye peke yake anatafuta mtu. Sisi huku mtu tulimjua. Tulichoshindwa kumkamata ni mnunuzi."

Nilijua anachosema. Kuelekea mwaka 2000 na baadaye kidogo, Mbeya ilitikiswa na mauaji ya watu waliochunwa ngozi, ikasemekana kuwa ngozi hizo zinauzwa kwa ajili ya uganga wa utajiri. Mwalimu alikuwa akifundisha wakati huo. Aliniambia jinsi watoto walivyokuwa wakirudi nyumbani kwa makundi, naye nyuma yao na fimbo, na jinsi dawati moja lilivyokaa tupu mpaka mwisho wa muhula. Hakutaja jina, nami sikuuliza.

Nikataka kukichukua kitabu. Akakizuia kwa kiganja.

"Kiache. Nimekupa aibu yetu, sikukupa kitabu chako."

Tangu hapo, ndugu msomaji, ukiniuliza uanze na ipi, nakuelekeza kwa Abdulla kwanza, na si kwa sababu ni wa kwetu. Fumbo lake sikutobolei. Lakini msome Bwana Msa anavyovuta kiko chake huku kila mtu akimhakikishia kuwa jambo hili si la binadamu, naye akaendelea kuuliza nani alikuwa wapi, na nani amefaidika. Swali hilo la mwisho ndilo Mwalimu alilolipigia mstari kwa penseli.

Mwaka uliofuata nilimkuta amekifunika kwa gazeti, kurasa zimelegea. Vijana wa jirani wamekipokezana. Alitaka kinachofuata. Nikamwambia ni Kisima cha Giningi, cha 1968, na kwamba Giningi kwetu ni mahali panaposemwa wachawi hukutana.

"Basi hicho," akasema, "ukilete mwenyewe. Usikitume kwa basi."