Usimwambie Asamehe Kwanza

Mimi ni mlezi wa vijana hapa Dzaleka. Mwaka jana dada mmoja wa kundi letu alibaki nyuma baada ya kikao. Akaniambia pasta wake alikuwa anamwita usiku, eti kwa maombi. Hakumaliza. Mimi nikaogopa, nikamwambia, "Dada, sali sana, samehe, Mungu ataponya." Akajibu, "Asante, kaka." Miezi mitatu hatukumwona tena.

Baadaye nilijua kwamba pasta naye alikuwa anamwambia hivyo hivyo: sali, samehe, nyamaza. Kumbe nilimsaidia yeye, si dada.

Si kambini tu. Mwaka 1994, mwaka ule ule kambi yetu ilipofunguliwa, sista mmoja daktari, Maura O'Donohue, aliandikia wakubwa wa Kanisa Katoliki ripoti juu ya masista walionyanyaswa na mapadri. Alitaja nchi 23, na Malawi imo. Papa Francis alikiri hadharani mwaka 2019. Miaka 25! Wale masista walikuwa wanaambiwa nini muda wote huo?

Nilienda kwao, nikaomba msamaha. Halafu nikamuuliza swali ambalo ningeuliza siku ya kwanza: "Unataka nini?" Akasema, "Daktari, lakini si hapa. Kwenye foleni ya hapa kuna watu wa kanisa lake." Basi tukapanda minibasi mpaka Lilongwe. Aliingia peke yake, akajieleza kwa Kichewa chake cha kambi. Hakutaka nimtafsirie. Mimi nilikaa nje, na hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu.

Ndugu msomaji, mtu akikufungulia moyo, mwamini. Usimuulize kwa nini alienda usiku. Mwache achague yeye kama ataenda polisi, hospitali au kwa mama anayemwamini. Akiwa mtoto, usikae na siri: namba 116 ni bure hapa Malawi. Na ninyi wa mashirika, msimwachie pasta peke yake kupokea malalamiko ya waumini wake.

Kanisani hajarudi. Juzi nilimuuliza kama bado anasali.

"Nasali kwenye foleni ya maji," akasema. "Pale hakuna mtu ananiwekea mkono kichwani."

Sikumwambia kitu. Nilimsaidia kubeba ndoo.