Feni Moja, Kifua cha Mama

Mwaka 1908, James Murray Spangler, mfanya usafi wa duka moja huko Ohio, Marekani, alipata hataza ya mashine ya umeme ya kufyonza vumbi. Alikuwa na pumu, na vumbi la ufagio lilimtesa.

Mama yangu naye ana pumu, na anasafisha mazulia ya nyumba ya wageni. Vakyumu yao ya zamani ilipoanza kunguruma bila kuvuta, bosi akasema, “Mota imekufa, rudini kwenye ufagio.”

Jamani, mota ilikuwa nzima! Kwenye vakyumu nyingi za kusimama za zamani, uchafu hupita kwenye feni kabla ya kuingia mfukoni. Sarafu moja inaweza kuvunja panga. Feni iliyovunjika haivuti vizuri, halafu inatikisa shafti mpaka beringi zinakufa. Kugundisha panga hakusaidii. Unabadilisha feni nzima.

Nikachomoa waya, nikafunga feni niliyoitoa kwenye mashine mbovu ya aina ileile, nikaizungusha kwa mkono kuona kama inagusa popote. Tulipowasha, ikavuta.

Wenzangu wa ualimu, fizikia ya kidato ina matumizi. Siku hizi Mama analala bila kukohoa.