Shahidi wa Chuma

Nguo za marehemu hugawiwa, shamba lake hupimwa, na jina lake hupewa mjukuu. Walakini sauti yake huzikwa pamoja naye. Hivyo ndivyo nilivyoamini mpaka siku mjomba wangu, mwalimu mstaafu katika kijiji kimoja cha upande wa Ilongero, mkoani Singida, aliponikabidhi kaseti iliyoviringwa katika kitambaa. Juu yake paliandikwa kwa wino: "Mama, 1974." Ndani yake alikuwamo bibi yangu mzaa mama, akiimba nyimbo za kusaga uwele na kutaja, kwa Kinyaturu, majina ya wazee wa ukoo wetu. Katika miaka ile watu wengi walikuwa wakihamishwa kutoka makao yao ya zamani kwenda katika vijiji vipya, na mjomba alitaka kuyaweka majina yale kabla makaburi hayajaachwa nyuma.

Nilikwenda na kaseti ile nyumbani, nikaicheza katika mashine njema, nikaihamishia katika kompyuta. Iliyotoka ilikuwa sauti nyembamba, yenye haraka kama ya mtoto aliyetumwa dukani. Mama alisikiliza kitambo, akaniuliza, "Mwanangu, huyu ni nani?"

Sababu yake si siri. Kaseti, tangu ilipoletwa sokoni na kampuni ya Philips mwaka 1963, imewekewa mwendo mmoja: sentimita 4.75 za mkanda kwa kila sekunde. Kinasasauti cha mjomba kiliendeshwa kwa betri, ambazo wazee wetu huziita mawe. Mawe yakichoka, mota huvuta mkanda polepole. Na ajabu yake ni hii: mkanda ulionasa kwa mwendo wa pole, ukichezwa katika mashine yenye nguvu zake kamili, hautoi sauti nzito bali sauti nyembamba na ya haraka. Uchovu wa jana hugeuka wepesi wa leo. Mwendo ukizidi kwa sita katika mia, sauti hupanda nusu ya hatua ya muziki. Ukizidi maradufu, hupanda oktava nzima.

Kosa hili lina hila. Kinyaturu ni lugha ya toni: kupanda na kushuka kwa sauti huweza kutenga neno na neno. Lakini mkanda uendao mbio huzipandisha toni zote pamoja, za juu na za chini, na uhusiano wao ukabaki vile vile. Maneno husikika, maana hufahamika, na mtu asiyemjua msemaji hashuku lolote. Uongo unaoharibu maneno hukamatwa upesi. Uongo unaoyaacha maneno salama huweza kuishi miaka mingi.

Sina budi kukiri nilivyolitengeneza kosa hili mara ya kwanza. Nilifunga macho, nikamkumbuka bibi kama nilivyomjua, ameketi juu ya kigoda mlangoni mwa tembe, akisema neno moja na kupumzika kabla ya la pili. Nikaupunguza mwendo kidogo kidogo, mpaka sauti iliyotoka ikawa yake. Kufika hapo nilikuwa nimepunguza sehemu moja ya tano. Jamaa walipokusanyika nikawasikilizisha. Shangazi zangu walilia. Vijana walianza kujifunza nyimbo zile, tena kwa mwendo ule ule niliouweka mimi. Mama peke yake alinyamaza, nami nikadhani kuwa ni huzuni.

Furaha ile ilinikaa vibaya baada ya siku chache, niliposoma habari za Hugh Tracey, aliyenasa muziki wa Tanganyika mwaka 1950, na mwaka 1954 akaanzisha maktaba kubwa ya muziki wa Afrika. Mtu yule alichukua safarini uma za chuma za kupimia sauti, akapima milio ya marimba na kuiandika. Alikuwa na mashine ya kunasa, wala hakuiachia mashine peke yake ushahidi wote. Mimi je, uma wangu ulikuwa wapi? Nilipima sauti ya bibi kwa mapenzi yangu, na wahenga walisema kuwa penye kupenda, chongo huitwa kengeza.

Laiti mkanda ungalinaswa mahali penye umeme, kazi ingalikuwa nyepesi. Umeme wa nchi yetu hutetema mara 50 kwa sekunde, na aghalabu mvumo wake huingia katika kanda kwa siri. Aupimaye hujua mwendo wa mkanda. Katika kaseti ya bibi hamkuwa na umeme. Mlikuwa na upepo wa Singida, kuku, na jiwe la kusagia. Niliisikiliza tena upande mzima, safari hii nikiacha kumsikiliza bibi. Ndipo niliposikia, karibu na mwanzo, mlio wa chuma kwa mbali na kelele za watoto. Na karibu na mwisho, chuma kile kile tena. Mjomba alikuwa ameketi na mama yake nyumbani kwake, kando ya shule, wakati wa mapumziko ya wanafunzi. Kengele ya kutoka na kengele ya kurudi zote zilinaswa.

Nikasafiri mpaka shuleni. Chini ya mti palining'inia kipande cha reli, kimeliwa na kutu pembeni. Mzee aliyekuwa mlinzi wa pale zamani alinitazama nikikipapasa, akasema, "Mti wa kwanza ulianguka, mjukuu wangu. Chuma ni kile kile." Mjomba naye akalitambua tundu la waya. Nikakigonga, nikanasa mlio wake. Joto na baridi hubadili mlio wa chuma kwa kiasi kidogo mno. Na chuma kisipopasuka wala kukatwa, hukisema leo kile kilichokisema miaka hamsini iliyopita. Hakina mapenzi wala hakina msiba.

Ushahidi wake ulikuwa mchungu. Kengele ya kwanza mkandani ilizidi ile ya mtini kwa nusu hatua tu. Ya pili ilizidi kwa hatua nzima, yaani kama kumi na mbili katika mia, kwa kuwa mawe yalizidi kuchoka. Kipimo kimoja kisingetosha. Ilipasa mwendo urekebishwe kwa mteremko, toka kengele hata kengele. Lakini hata mwishoni kabisa mkanda haukustahili kupunguzwa sehemu moja ya tano. Yule bibi aliyewaliza shangazi zangu hakupata kuimba hivyo mwaka 1974. Mimi ndiye niliyemwimbisha.

Nilisitasita. Nani atakayenishukuru kwa kuwanyang'anya jamaa sauti waliyoililia? Mwisho nilitengeneza mkanda kwa kipimo cha chuma, nikaandika kando yake yote niliyobadili na kwa kiasi gani, nikaweka pia nakala isiyoguswa, ili ajaye nyuma yangu na shahidi bora aweze kunisahihisha. Kisha nikampelekea mama, nikamwambia kosa langu.

Alisikiliza wimbo wa kwanza hata mwisho. Sauti ilikuwa ya mwanamke mwenye nguvu, nyepesi kuliko niliyoikumbuka mimi, wala si ya mtoto. Mama aliweka mkono juu ya meza, akaanza kuufuata wimbo kwa vidole.

"Huyu ndiye aliyenibeba mgongoni," akasema. "Yule uliyetusikilizisha siku ile ni yule niliyemzika."

Nikafahamu kwa nini alinyamaza. Mimi nilizaliwa bibi akiwa amekwisha kuzeeka, nikaufanya uzee wake kuwa kipimo cha maisha yake yote. Sasa vijana wetu wanajifunza nyimbo zile upya, kwa mwendo wa kasi kidogo, na wanalalamika kuwa pumzi haiwatoshi. Mama huwajibu kuwa mwenye nyimbo alikuwa akiziimba huku anasaga.