Kiti Kilichobaki Wazi

Mnaifahamu sura ya 28 ya Matendo ya Mitume: merikebu imevunjika, watu 276 wameokoka, nao wenyeji wa Malta wanawawashia moto kwa sababu ya mvua na baridi. Nilijaliwa kufika katika kisiwa hicho kwa hija. Niliombwa niandike juu ya makanisa yake. Lakini kilichonishika moyo kilitokea njiani.

Malta ni ndogo. Urefu wake haufiki kilomita 30. Siku mbili za kwanza tulitembea kwa gari la kukodi, mwenzangu akiendesha. Huko magari hupita kushoto, desturi iliyoachwa na Waingereza waliotawala hadi 1964, nasi tuliozoea kulia huku Lubumbashi tulikwenda kwa hofu. Njia za miji yao ni nyembamba, na pa kuegesha ni shida. Mosta, ambako mwaka 1942 bomu lilitoboa kuba la kanisa waumini wakingoja Misa, lisilipuke, tulizunguka mara nne tukigombana, kisha tukaondoka bila kuingia.

Karibu na Rabat, bibi mmoja mwenye vikapu alitupungia mkono. Viti vya nyuma vilikuwa vitupu. Nikamwambia mwenzangu, "Anangoja basi." Tukapita. Katika barabara ya Likasi nimefanya vivyo hivyo mara nyingi, nikijitetea kwa habari za majambazi; kule sikuwa na hata udhuru huo.

Siku ya tatu tulikwisha kulirudisha gari. Nilipanda basi peke yangu kutoka Valletta kuelekea Ċirkewwa, inakotoka feri ya kwenda Gozo, nikitaka kusali Ta' Pinu. Ndani ya basi ndipo nilipoanza kuisikia Malta. Wazee walifanya ishara ya msalaba tulipopita kanisa; akina mama walipatana saa, nikasikia "sitta", nikasikia "sebgħa", nikatabasamu: ni sita na saba zetu, na wote tumezipata kwa Waarabu.

Nilishuka St. Paul's Bay nitazame bahari, na hapo nikakwama. Basi lililofuata lilijaa, likapita. Na la pili pia. Jua la Agosti lilikuwa kali, nami nilipunga mkono kama yule bibi.

Mzee mmoja alisimamisha gari lake dogo, akanifungulia mlango. Hakuuliza natoka nchi gani. Njiani alinyosha kidole kwenye kisiwa kidogo kisicho na watu: hapo, kwa mapokeo yao, ndipo merikebu ya Mtume Paulo ilipovunjika. Bandarini nilitoa fedha ya mafuta. Akakataa, akaniomba tu nimkumbuke marehemu mkewe mbele ya Bikira Maria wa Ta' Pinu, akanitajia jina lake mara mbili nisilisahau.

Nililitaja. Kisha nikataka kumwombea yule bibi wa Rabat, nikakosa jina la kumwita.