Kiwambo cha Darasani na Macho ya Mtoto wa Garsen

Garsen ni mahali pa macho ya mbali. Mji huu wa Kaunti ya Tana River umekaa kwenye tambarare inayoelekea delta ya Mto Tana, na wenyeji wake wameishi kwa kutazama. Mfugaji wa Kiorma humtambua ng'ombe wake angali kitone kwenye upeo wa macho. Mkulima wa Kipokomo huusoma mto na mawingu kabla ya kushika jembe. Kwa watu wa namna hii, jicho ni chombo cha kazi.

Ahadi ya kompyuta kwa watoto wa darasa la kwanza ilitolewa katika kampeni za uchaguzi wa mwaka 2013, ikaanza kutekelezwa mwaka 2016, na zaidi ya vishikwambi milioni moja vikagawiwa shule za msingi za umma nchini Kenya. Mwaka 2020, shule zilipofungwa kwa sababu ya korona, simu ya mzazi nayo ikawa darasa kwa waliokuwa nayo. Ndipo hofu ikazuka: je, kiwambo hakiwaharibu watoto macho?

Hofu hiyo ina msingi, ila yahitaji kupimwa. Mtoto asiyeona mbali ni yule ambaye jicho lake limerefuka kupita kiasi, taswira ya kitu cha mbali ikaangukia mbele ya retina badala ya juu yake. Kutazama vitu vya karibu kwa saa nyingi huchangia hali hiyo, na hapo kiwambo na kitabu kilichosogezwa puani ni ndugu. Lakini sababu nyingine kubwa ni uhaba wa mwanga wa mchana. Nje, hata chini ya mwembe, mwangaza huwa mara nyingi zaidi ya ule wa darasani.

Ushahidi upo. Mjini Guangzhou, Uchina, watoto wa darasa la kwanza katika baadhi ya shule waliongezewa dakika 40 za kukaa nje kila siku ya masomo. Kwa mujibu wa matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015, baada ya miaka mitatu watoto wapatao 30 katika kila 100 walikuwa wameanza kutoona mbali. Miongoni mwa wasioongezewa muda huo, walikaribia 40. Taiwan nayo ilianza mwaka 2010 kuzihimiza shule ziwatoe watoto nje kwa dakika 120 kwa siku, na idadi ya wenye macho dhaifu, iliyokuwa ikipanda miaka mingi, ikaanza kushuka.

Kumbe mtoto wa Garsen anayo kinga ambayo miji mikubwa inaitafuta. Hatari ni shule kumnyang'anya kinga hiyo kwa kugeuza mapumziko kuwa kipindi cha marudio.

Hata hivyo, wapo ambao tayari hawaoni mbali, na hawa ndio wanaoumia kimya. Kiswahili kina kipofu, chongo na mwenye makengeza. Asiyeona mbali hana jina lililozoeleka mitaani. Asiye na jina la maradhi hupewa jina la tabia: mzembe, mzito, mjinga. Hukunja uso, hunakili daftari la jirani, huchapwa maneno. Ajabu ni kwamba kiwambo chenyewe chaweza kumtetea. Mtoto aliye mwepesi kwenye kishikwambi na mzito mbele ya ubao huenda hana upungufu wowote wa akili; yamkini hauoni ubao.

Hivyo basi, ni jukumu la mwalimu kumpima kabla ya kumhukumu: amketishe nyuma asome maandishi ya ubaoni, kisha amsogeze mbele asome tena. Tofauti ikidhihiri, mzazi aitwe na mtoto apelekwe kwa mtaalamu wa macho. Kwa familia ya kijiji cha ndani, miwani ni nauli kwanza kabla ya kuwa kioo. Kwa hiyo serikali ya kaunti haina budi kuwapeleka wapimaji shuleni. Wakati huohuo, kengele ya mapumziko ilipolia, watoto na watoke nje.