Dalali aliyekataa kuuza

Mimi madalali nilikuwa siwaamini kabisa. Kwangu dalali ni mtu wa kukutoa hela ya usumbufu, akuzungushe juani, kisha azime simu. Ijumaa moja shangazi akanibeba nimsindikize kutafuta kiwanja Kigamboni. Mama wa watu kastaafu, kiinua mgongo ndicho hicho, na hela ya kianzio kaifunga kwenye pindo la khanga.

Tulivuka kwa pantoni pale Feri, tukapanda bajaji hadi Kibada. Upande ule siyo shamba tena, jamani! Tangu daraja la Nyerere lizinduliwe mwaka 2016, watu wanavuka kwa magari bila kungoja pantoni, na nyumba zinaota kama uyoga.

Dalali wetu, kijana wa kandambili na daftari kwapani, akatupeleka kwenye kiwanja cha mita 20 kwa 20. Mwenyewe anataka milioni 12, tena ana haraka: "Mama, leo leo, jioni kuna mtu anakuja na hela." Shangazi kashaanza kufungua pindo!

Basi bwana, dalali akamvuta pembeni. "Mama yangu, hata senti usitoe. Hiki nimeletewa jana, sijakichunguza." Akatupeleka kwa jirani wa mpakani, kisha ofisi ya serikali ya mtaa. Kumbe kiwanja ni cha mirathi, ndugu wawili bado wanavutana!

Nikamuuliza, kamisheni yako je? Akacheka. "Mdogo wangu, nikimwingiza mama mkenge, kesho nani ataniamini hapa?"

Akatupa shule. Kiwanja kikiwa kimepimwa, chukua namba yake na ya kitalu, nenda ofisi ya ardhi ukafanye upekuzi. Utajua hati ina jina la nani, na kama kimewekwa rehani. Kisheria ardhi ya Tanzania ni mali ya umma, Rais ndiye mdhamini. Unachonunua wewe ni haki ya kuitumia, isiyozidi miaka 99. Aliyekuuzia asipokuwa na haki hiyo, umenunua kesi.

Wakati wa kurudi, shangazi alilishikilia pindo lake mpaka pantoni ikagusa Feri. Hela yote ilikuwemo, kasoro ya soda ya dalali.

Msomaji wangu, ukimpata dalali anayekwambia "usinunue", namba yake usiifute.