Nyumba Inauzwa: Tuliyoyaona Tanga

Atokaye Dar es Salaam kwenda Tanga huachana na magari ya Moshi na Arusha pale Segera, akashika mkono wa kulia. Hupita mashamba ya mkonge na machungwa ya Muheza, na upepo wa bahari humpokea kabla hajaiona bahari yenyewe. Kwa mgeni upepo huo ni mtamu. Kwa mwenye nyumba ni gharama, maana hubeba chumvi, na chumvi hula bati, misumari, bawaba za milango na nondo za madirisha mwaka hata mwaka.

Tangu ilipotangazwa mwaka 2016 kwamba bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, litaishia Chongoleani, kaskazini mwa mji, watu wa nyumba na viwanja wameitazama Tanga kwa macho mapya. Ndiyo maana swali hili linawagusa akina mama wengi wa huko: tukitaka kuuza, tutengeneze nini kwanza, na tuache nini?

Tulifikia kwa mwenzetu mmoja Ngamiani, kule ambako barabara huitwa kwa namba. Yeye na mumewe wanauza nyumba yao ya vyumba vitano. Shemeji alikwisha kupanga yote: vigae sebuleni, madirisha ya alumini mbele, rangi mpya nje na ndani. Fedha za kazi hiyo zilikuwa zitoke kwenye akiba ya ada ya chuo ya binti yao mkubwa, kisha zirudishwe nyumba ikiuzwa. Mama hakukataa, ila usingizi ulikuwa umempungukia. Mnunuzi wa kwanza alikuwa amekuja, akapapasa ukuta wa chumba cha nyuma, chokaa ikambakia kiganjani kama unga, akaaga kwa adabu na hakurudi.

Wakamwita mwashi mmoja mzee. Mzee huyo hakuanza na rangi. Alizunguka nyumba kwanza, akatazama maji ya paa yanaangukia wapi. Yalikuwa yakianguka chini kabisa ya ukuta, na kwa miaka mingi udongo wa uani ulikuwa umepanda mpaka ukapita usawa wa sakafu ya ndani. Kwa hiyo kila masika ukuta ulikunywa maji kutoka chini, na yalipokauka yaliacha chumvi juu ya plasta. Ukipaka rangi juu ya ukuta wa namna hiyo, hata iwe rangi ya bei gani, itabanduka, na mnunuzi mwenye macho ataona kwamba ulikuwa ukificha.

Dawa yake si ya kupendeza, lakini ni nafuu. Udongo hukwanguliwa ushuke chini ya sakafu, kisha humwagwa zege jembamba kuzunguka nyumba, lililolalia nje ili maji yakimbie. Mifereji ya bati huwekwa kwenye ukingo wa paa. Plasta iliyooza hubomolewa, na chumvi hupigwa kwa brashi kavu. Ukiiosha kwa maji unairudisha ukutani. Ukuta huachwa majuma kadhaa ukauke kabla ya plasta mpya, na mchanga uwe wa mtoni, kamwe usiwe wa ufukweni, kwa sababu huo una chumvi yake tayari. Kwa nyumba za zamani za mawe na chokaa, ambazo Tanga bado zipo, chokaa ndiyo ifaayo. Saruji nzito na rangi ya mafuta huziba pumzi ya ukuta, unyevu ukabaki ndani.

Mifereji hiyo ina faida nyingine. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ya paa ni lita 1 ya maji. Paa la mita 80 za mraba, mvua ikinyesha milimita 25, linatoa lita 2,000 hivi, tukiacha zinazopotea njiani. Tangi lililojaa uani husema na mnunuzi kuliko vigae.

Nasi tunaamini hivi: mnunuzi akija na mkewe, baba hutazama sebule, mama hutazama jiko na choo, na uamuzi hufanyika njiani wakirudi. Kwa hiyo choo kisichonuka, bomba lisilovuja, mlango unaofungika, nyavu nzima za mbu na bati lisilo na tundu vitangulie. Vigae ni jambo la ladha. Mwenye nyumba mpya aweza kuvivunja juma lile lile. Madirisha ya alumini tuliyaondoa kwenye orodha bila majuto, na shemeji alicheka tu.

Tulikaa jioni moja na karatasi. Hati au barua ya ofa iko kwa jina la nani? Kodi ya ardhi imelipwa? Kodi ya majengo, tangu mwaka 2021, hukatwa kwenye LUKU, lakini deni la nyuma, kama lipo, huzuka siku ya mauzo. Stakabadhi za saruji, bati na mafundi zitunzwe, kwa kuwa gharama za kuboresha nyumba huhesabiwa faida ya mauzo inapokadiriwa kodi, mradi ziwe na ushahidi.

Tulipokuwa tukipita mitaani tuliona kuta kadhaa zilizoandikwa kwa rangi kubwa: NYUMBA HII HAIUZWI. Maandishi ya namna hiyo aghalabu yana ugomvi nyuma yake, wa ndugu, wa matapeli, au wa mume aliyeuza kimya kimya. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, hairuhusu mwenzi mmoja kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Wanunuzi makini huiomba ridhaa hiyo kwa maandishi, kwa hiyo mwenzetu na mumewe wameiandaa mapema, ikakaa pamoja na hati. Ada ya binti haikuguswa. Udongo wa uani ulikuwa umekwisha kushuka tulipoondoka, na ukuta wa chumba cha nyuma bado unakauka.